Bhavai ni vichekesho au ni ibada?

Mkaazi wa Upanga:
Ndugu zangu, jirani yangu, bibi mwenye asili ya Gujarat, jimbo la India, alinionyesha picha za mchezo uitwao Bhavai. Yumo mwanamume aliyevaa mavazi ya kike, yumo mchekeshaji, na wamo wapigaji wawili wa tarumbeta nyembamba za shaba zinazouzidi urefu wa mkono wa mtu. Nilipovisifu vichekesho hivyo, alinisahihisha kwa upole kwamba huchezwa kwa heshima ya mungu wa kike Amba. Naomba anayefahamu anieleze kicheko na ibada vinakaaje pamoja, na kama neno letu "tamasha" lina undugu na mchezo wa Kihindi wenye jina hilohilo.

Mwalimu wa Sanaa, Sinza:
Bibi amesema kweli. Tarumbeta hizo huitwa bhungal. Mhusika wa kwanza kuingia ni Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, akiwa ameuficha uso wake kwa sinia, kwa kuwa mchezo hufunguliwa kwa kuomba baraka. Vichekesho, ambavyo huwasema wakubwa bila woga, hufuata baadaye. Masimulizi ya Gujarat yanamtaja mwasisi kuwa Asaita Thakar, Brahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wa mji wa Unjha wa karne ya 14. Binti wa mkulima wa ukoo wa Patel alichukuliwa na jemadari mmoja. Asaita akaenda kumkomboa akidai kuwa ni mwanawe, naye jemadari akamtaka athibitishe kwa kula naye chombo kimoja, jambo ambalo tabaka lake lilikataza kabisa. Akala. Binti akarudi kwao, Asaita akatengwa na Wabrahmani wenzake, akaanza kutafuta riziki kwa nyimbo na michezo, ambayo husemekana ilifika 360. Sisi wa pwani tunajua uzito wa kula sinia moja, na kwangu mimi mzizi wa Bhavai umo katika tonge lile kuliko mahali pengine popote.

Binti Kariakoo:
Shikamoo, Mwalimu. Naongeza kuhusu tamasha. Neno ni lilelile: lina asili ya Kiarabu, likapitia Kiajemi hadi India. Huko Maharashtra limekuwa jina la mchezo maalumu wenye ngoma ya dholki na nyimbo za lavani. Nao huanza kwa gan, yaani sala kwa Ganesh, ukafuata utani wa mungu Krishna na wanawake wauza maziwa, ndipo hadithi yenyewe ikaanza. Kwetu neno limepanuka hadi kubeba maonyesho ya kila aina.

Mkaazi wa Upanga:
Ahsanteni sana. Nimemsomea bibi majibu yenu. Anasema hapa Dar es Salaam hajawahi kuiona Bhavai, lakini kila Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, huenda Kisutu kucheza garba, ngoma ya kumzunguka mungu huyohuyo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2023. Nilipofika kwenye habari ya binti yule alinisimamisha, akataja jina ambalo Mwalimu hakuliandika: Ganga.