Siku moja ziwani kutoka Kigoma: Ujiji au Gombe?

Kijana wa Mwanga
Habari za leo, wakubwa kwa wadogo. Baba yangu, aliyetumikia reli hadi akastaafu na kubaki Tabora, anakuja Kigoma mwezi ujao, na ombi lake ni moja tu: ashinde kutwa majini, alitazame Ziwa Tanganyika bila haraka na kuyatafakari yaliyopita katika pwani hii. Magoti yake hayamruhusu kupanda milima. Nimebaki na njia mbili, ama kukodi boti kutoka mjini tupite Bangwe na Katonga hadi Ujiji, ama kuelekea kaskazini hadi Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Naomba wenye uzoefu wa njia zote mbili wanilinganishie.

Mvuvi Mstaafu, Ujiji
Mwanangu, mfikishie baba salamu zangu. Kwa haja uliyoieleza, mimi nasema Ujiji bila kusita. Anayekwenda Gombe anakwenda msituni, na boti kwake ni barabara ya kumfikisha huko. Anayekwenda Ujiji kwa maji, ziwa lenyewe ndiyo safari yake.

Mtakapokuwa bado ndani ya ghuba ya Kigoma, mwombe nahodha apunguze mwendo mkabala na bandari. Hapo ndipo ilipounganishwa meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa vipandevipande ndani ya makasha, kisha ikateremshwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, wakati wa vita, ili isitekwe na adui, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi ili zisiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Mtu wa reli ataielewa habari hii upesi kuliko sisi, kwa kuwa reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na chombo cha ukubwa ule kisingefika ziwani bila reli.

Ujiji nako kuna mengi ya kutafakari. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika Februari 1858, na Stanley akamkuta mwenzake Livingstone hapo mwaka 1871. Wageni wengi huishia kwenye mnara wa hao wawili. Mimi ningependa baba akae ufukweni awakumbuke waliovushwa kutoka ng'ambo ya Kongo, wakapumzishwa hapa Ujiji, kisha wakapangwa kwenye misafara ya watumwa na pembe za ndovu kwenda Tabora na Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Majina yao hayakuchongwa popote, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Binti Kibirizi
Shikamoo, mzee wangu. Kuhusu watumwa umesema kweli tupu, lakini naomba nisikubaliane nawe kuhusu Gombe. Njia ya kaskazini ni pwani yenye historia pia. Baada ya kukutana, Livingstone na Stanley hawakukaa bure: Novemba 1871 waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaifuata pwani hii hii ya mashariki hadi mlangoni mwa mto Rusizi, ili wajue kama mto ule unaingia ziwani au unatoka. Wakauona unaingia. Anayekwenda Gombe anapita katika sehemu ya njia hiyo.

Tena kuna jambo linaloonekana vizuri zaidi ukiwa majini. Unapita milima iliyokatwa miti hadi ikabaki majani na mashamba ya mihogo, halafu ghafla msitu unashuka karibu kugusa maji, nawe unajua umeingia hifadhini. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika hapo Julai 1960, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Huhitaji kupanda mlima ili uuone mpaka ule.

Mwenye Boti, Katonga
Mpaka huo ninaufahamu, na dada ana haki ya kuusifu. Hata hivyo, tumfikirie mzee mwenyewe. Boti za abiria za Kibirizi hutumia saa kadhaa kufika Gombe, zikisimama kijiji hadi kijiji na kupakia magunia na madumu ya mawese, na mara nyingi anayeshuka hukanyaga maji. Mwenye magoti mabovu atachoka kabla hajaanza kutafakari. Boti ya kukodi inapunguza taabu hiyo, ila gharama inapanda sana kwa umbali ule, na hifadhi ina viingilio vyake.

Kwa Ujiji mnaweza kwenda kwa maji na kurudi kwa bajaji, maana barabara ni fupi. Ondokeni alfajiri. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huamka na kuchafua maji, hasa mkishatoka kwenye kinga ya ghuba. Kila mtu avae jaketi okozi tangu ufukweni, na ikiwa nahodha hana ya kuwatosha, tafuteni boti nyingine hata kama mmekwisha kupatana bei. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470, halina mzaha.

Mvuvi Mstaafu, Ujiji
Nakubali maneno ya Binti kuhusu ule msitu. Naongeza moja tu: angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili samaki wafuate taa, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hupumzika. Giza likiwepo, alfajiri mtapishana na mitumbwi inayorudi, na Katonga mtawakuta akina mama wakimwaga dagaa na kuwatandaza kwa mikono, safu nyembamba ili jua liwapate wote kabla hawajaanza kulainika. Migebuka mibichi nayo hununuliwa saa hizo.

Kijana wa Mwanga
Nawashukuru sana. Tutakwenda Ujiji, wiki ya giza, na nitakodi boti yenye kivuli na ngazi ya kushukia. Binti Kibirizi, baba akipata nguvu siku ya pili nitamwomba nahodha atupeleke kaskazini hadi tuuone mpaka wa msitu, kisha tugeuze bila kushuka. Je, nahodha wa kukodi hukubali safari ya namna hiyo kwa bei ya nusu siku?

Mwenye Boti, Katonga
Wapo wanaokubali. Patana naye mafuta kwanza, bei ya siku baadaye.