Tupeane uzoefu: karatasi gani ya nyumbani ilikuumbua kwenye somo la sheria za biashara?

Mpangaji wa Kyebando
Wapendwa, jana jioni nilicheka peke yangu kwenye taksi mpaka kondakta akaniuliza kama niko salama. Mhadhiri wetu wa sheria za biashara, mwaka wa kwanza, darasa la jioni, hana habari na maswali ya kitabu. Anasema leteni karatasi mliyo nayo nyumbani: risiti, tiketi, makubaliano ya chumba, chochote, tuipasue hapa mbele.

Mimi nikapeleka risiti ya muzigo wangu, yaani chumba ninachopanga. Ni kipande cha daftari kilichoandikwa "nimepokea 250,000 mwezi wa tatu", chini kuna sahihi kama mnyoo. Maswali yakaanza. Nani alitoa pendekezo? Nani alikubali? Mkataba ni wa muda gani? Ukitakiwa kuhama unapewa notisi ya siku ngapi? Miaka miwili nalala humo na sikuwa na jibu hata moja.

Akaniambia mkataba upo, hata wa mdomo ni mkataba, shughuli ni kuuthibitisha. Ila kwa Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010, jambo likizidi pointi 25 za sarafu linatakiwa liwe la maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni 500,000. Nikaanza kuhesabu mambo yangu yote ya mdomo yaliyovuka hapo. Nikaacha.

Leteni yenu.

Boda wa Malaba
Umenikumbusha machungu. Mimi nilipeleka mkataba wa pikipiki. Kila wiki 70,000, miezi 24. Mhadhiri akaandika hesabu ubaoni taratibu kama anamfundisha mtoto: wiki 104 mara 70,000 ni 7,280,000. Darasa likanyamaza, halafu kijana mmoja nyuma akasema "pikipiki mbili hizo, moja bado hujaiona."

Sahihi niliiweka injini ikiwa inanguruma. Nani anasoma kurasa wakati boda mpya inamwita? Kuna kipengele kwamba nikikosa wiki mbili wanaichukua, na vyote nilivyolipa vinahesabiwa kuwa ni kodi ya kuitumia. Akatusimulia mama mmoja wa mkahawa kule Uingereza, kesi ya L'Estrange na Graucob, 1934. Alinunua mashine ya kuuzia sigara, akasaini bila kusoma maandishi madogo, mashine ikagoma kufanya kazi. Mahakama ikamwambia: sahihi ni yako. Yule mama na mimi ni ndugu wa tumbo moja.

Kaka wa Koboko
Kipengele cha kodi nakijua. Kilinila mzima mzima.

Mama Bizari, Owino
Mimi si mwanafunzi, ni binti yangu anayesoma, ila kazi ya nyumbani tulifanya wote. Yeye alichagua yule muuza dawa wa kwenye paki ya taksi mwenye kipaza sauti: "Usipopona rudi, narudisha pesa yako!" Swali: ni mkataba au ni kelele za soko?

Kumbe kuna kesi yake, ya mwaka 1893. Kampuni iliuza kifaa cha kuvuta moshi wa dawa ili mtu asipate mafua, ikatangaza atakayekitumia kama ilivyoelekezwa na bado akaugua atapewa pauni 100. Mama Carlill akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu. Mahakama ikauliza, mbona mlisema mmeweka pauni 1,000 benki kuonyesha hamtanii? Wakalipa.

Binti yangu akaandika kwamba wa paki naye alipe. Mimi nikamwambia mwanangu, yule wa paki ameweka nini benki? Kipaza sauti chenyewe cha kuazima.

Wakili wa Baadaye
Mama, binti yuko sahihi kwa sehemu. Pesa ya benki ilikuwa dalili ya nia. Hata bila benki, ukitoa ahadi kwa umma wote na mtu akatimiza masharti, umenaswa. Kinachoangaliwa ni kama mtu mwenye akili timamu angeichukulia kuwa ahadi ya kweli. Soma kifungu cha 10.

Ustaadh wa Sheria
Kifungu cha 10 cha wapi? Kitabu kipya cha sheria kilichoanza Julai 2024 kimebadilisha namba. Mnasoma nakala za kaka zenu.

Wakili wa Baadaye
Namba zimebadilika, maneno hayajabadilika. Nakala za kaka yangu zimefaulisha watu wanne.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Huyu wa Kyebando aliyeanzisha mada anataka huruma. Sisi tunaopangisha tumeonewa na hiyo sheria ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji. Huwezi kuongeza kodi zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka, huwezi kumtoa mtu bila amri ya mahakama. Mtu analala miezi minne bure halafu anakusomea kifungu!

Mpangaji wa Kyebando
Mzee, mimi nalipa tarehe mbili kila mwezi. Na jirani yangu alichelewa wiki mbili, akarudi kazini akakuta mlango umeng'olewa. Mlango, mzee. Mvua inanyesha kitandani.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Mimi sing'oi milango. Mimi naondoa balbu tu.

Kaka wa Koboko
😂😂 Balbu tu!

Mama Bizari, Owino
Banange, mzee huyu.

Binti wa Bombo
Nimesoma yote kimya. Sikutaka kuandika, lakini huyo wa Malaba aliposema mhadhiri aliandika hesabu ubaoni taratibu, mwili wote umenisisimka, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyonianza.

Muhula uliopita nasi tuliambiwa tulete karatasi. Nilikuwa nyumbani kwa Idi, nikaona kwenye kasha la mama karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa. Mama yangu ni Mnubi, anafuma vikapu, Kinubi na Kiswahili anavizungumza vizuri, kusoma hajui, Kiingereza hajui. Nikamuuliza hii nini, akasema karatasi ya deni, nilikopa milioni tatu kwa bwana mmoja mjini ili nijaze mtaji, nampa faida asilimia kumi kila mwezi. Nikafikiri, hii safi, mkopo, nitaueleza darasani. Nikaipiga picha kwa simu bila kuisoma. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi.

Darasani nikaituma kwenye kundi, mhadhiri akaisoma kwa sauti. "Mimi muuzaji nimeuza kibanja changu (kipande cha ardhi) pamoja na nyumba ya vyumba vitatu na miembe miwili, kwa shilingi 3,000,000, nimepokea zote, nitakabidhi mwisho wa mwezi wa sita." Mwanafunzi mmoja akacheka, akasema aliyeuza kwa bei hii alikuwa amelewa waragi. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Wallahi nilicheka nao.

Halafu ile miembe. Mmoja nilianguka kutoka juu yake nikiwa darasa la tatu, kovu bado ninalo kwenye kiwiko. Nikasema, mwalimu, soma tena. Akasoma tena. Kwenye karatasi nzima hakuna neno mkopo, hakuna neno deni, hakuna faida. Chini kuna dole gumba la mama yangu, na muhuri wa chairman wa LC1, mwenyekiti wetu wa kijiji.

Ilikuwa tarehe 19 mwezi wa sita.

Taksi imefika, nitamalizia.

Kaka wa Koboko
Unatuacha wapi sasa?!

Boda wa Malaba
Dada rudi.

Mwalimu wa Kasese
Wakati tunamsubiri, mimi yangu ilikuwa tiketi ya basi, nyuma imeandikwa mizigo ni kwa hatari ya abiria. Gunia langu la kahawa lilipotea njiani. Mhadhiri akatupa kesi ya Thornton ya 1971, ya maegesho ya magari: mashine ikishatema tiketi, mapatano yamekwisha, masharti yaliyoandikwa ndani yamechelewa. Kwa hiyo swali ni kama ulipewa tiketi kabla au baada ya kulipa na

Mama Bizari, Owino
Mwalimu tunakuheshimu lakini gunia la kahawa lisubiri. Binti wa Bombo yuko wapi?

Afande Mstaafu
Aende polisi. Huo ni utapeli wa wazi.

Ustaadh wa Sheria
Asiende polisi, afande. Polisi watamwambia ni jambo la madai, aende mahakamani. Aende kwenye madai madogo, kule hakuna haja ya wakili, mpaka milioni kumi wanasikiliza.

Wakili wa Baadaye
Madai madogo ni ya deni na mambo kama hayo. Hapa kuna ardhi inayogombaniwa. Usimpoteze mtu.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Alipe deni, achukue karatasi yake, basi. Mambo ya mahakama ni miaka.

Afande Mstaafu
Na asilipe kitu! Ukilipa umekubali.

Dada Sambusa
Amuulize shehe amsomee dua yule bwana apate kizunguzungu. Natania. Nusu.

Binti wa Bombo
Nimerudi. Samahani, njia ya Bombo leo foleni.

Siku ile nilitoka nje ya darasa nikampigia mama. Sikumwambia. Nilimuuliza tu alivyosaini. Akasema yule bwana alimwambia "mama, hii ni ya kuonyesha kwamba nimekupa pesa, weka dole hapa." Chairman alikuwa na haraka ya maziko, akapiga muhuri akaondoka. Hakuna aliyemsomea mama chochote.

Mhadhiri alinifuata nje. Hakunipa pole, akanipa kalamu, akasema andika. Moja, kuna sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu kama huyo hati lazima amsomee na kumweleza, na aandike hapo hapo jina lake kamili na anwani yake. Karatasi yetu haina. Mbili, ile ni ardhi ya familia, tunaishi pale, na mume wa mama yupo hai. Baba hakuulizwa, na sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini kwenye ngazi. Akaniuliza, mama amekuwa akilipa faida vipi? Nikasema kwa simu, mobile money, 300,000 mwezi wa nne, 300,000 mwezi wa tano. Akasema: muuzaji gani anamlipa mnunuzi kila mwezi?

Nikaenda Bombo usiku ule. Mama hajui kusoma lakini simu yake hafuti kitu, ujumbe wote ulikuwepo, na wa pili yule bwana mwenyewe alijibu "asante mama, faida imefika, bado moja." Neno faida, kwa mkono wake mwenyewe.

Boda wa Malaba
ALIANDIKA FAIDA 🙌

Wakili wa Baadaye
Ujumbe wa simu unahesabiwa maandishi kwa sheria yetu ya mikataba. Hiyo ni dhahabu. Piga picha, chapisha, weka nakala tatu sehemu tatu.

Mama Bizari, Owino
Chairman je? Huyo aliyepiga muhuri?

Binti wa Bombo
Chairman alitokwa jasho mpaka akaomba kiti. Ni mtu mzima, tunamwita baba, nikashindwa kumpandishia sauti. Aliita kikao siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Yule bwana akaja na vijana wawili na futi ya kupimia. Akawa mkali, eti ameshanunua. Nikamwonyesha ujumbe wake. Akausoma, akairudisha simu polepole, akasema "mimi sikuwa na nia mbaya, nipeni milioni tatu na ya mwezi huu."

Baba alikuwa anataka twende mahakamani. Mama alitaka alale. Tukauza mbuzi, wajomba wakachanga, tukampa 3,300,000 mbele ya kikao, chairman akaandika karatasi mpya kwa Kiswahili: deni limekwisha, kibanja hakikuuzwa. Safari hii aliisoma kwa sauti mara mbili, mama akaitikia kila mstari kama yuko kwenye dua.

Ila karatasi ya kwanza hajairudisha. Anasema iko Kampala kwa wakili wake. Sasa ni mwezi wa nne tangu kile kikao.

Afande Mstaafu
Nilisema asilipe.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Na angenyang'anywa nyumba ungemjengea wewe?

Ustaadh wa Sheria
Dada, deni kulipa si kosa. Kosa ni pesa kutoka mkono mmoja kabla karatasi haijaingia mkono wa pili. Mwandikie barua ya kuidai, mpe siku kumi na nne, nakala kwa chairman. Na nenda na baba yako, usiende peke yako.

Wakili wa Baadaye
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Ustaadh.

Dada Sambusa
Ulipata alama ngapi kwenye ile kazi?

Binti wa Bombo
Kumi na saba kwa ishirini. Alikata tatu kwa sababu sikueleza konsiderasheni, yaani kile ambacho kila upande unampa mwenzake.

Mwalimu wa Kasese
Sasa naweza kumalizia gunia la kahawa?

Kaka wa Koboko
Malizia mwalimu, pole.

Mwalimu wa Kasese
Nililipwa nusu. Basi.

Mpangaji wa Kyebando
Nimemwandikia mwenye nyumba wangu WhatsApp nikimuuliza notisi ni siku ngapi. Ameona. Tiki mbili za buluu, masaa matatu sasa.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Nunua balbu ya akiba.

Boda wa Malaba
Jamani, baada ya kusoma habari za Binti nimetoa mkataba wangu chini ya godoro. Nimeusoma wote kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, na tochi ya simu. Nimegundua una ukurasa wa nyuma.

Mama Bizari, Owino
Unasemaje?

Boda wa Malaba
Unamtaja mdhamini wangu. Ni mke wangu. Ngoja nimwamshe.