Tupeane uzoefu: raba ya kukimbilia iliyokutesa, na ulivyotoka

Mwanakwajuni
Wakuu habari za jioni. Tangu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, mtaani kwetu watu wanakimbia alfajiri mpaka raha. Jana nimepishana na dogo mmoja anachechemea, raba mpya kabisa, amekanyagia nyuma kwenye kisigino. Nikamuuliza vipi? Akasema kiatu kinabana ila muuzaji kamwambia kitaachia chenyewe. Roho iliniuma, maana na mimi niliambiwa maneno hayohayo.

Mwenye duka aliniambia 42 ni 42, na kwamba raba lazima ishike mguu. Ilishika kweli. Baada ya muda nikaanza kuamka na kisigino ambacho ukishuka kitandani, hatua ya kwanza tu ni kama umekanyaga msumari. Kwenda bafuni nashika ukuta. Ukitembea kidogo kinaachia, unajiona umepona, unaenda kazini, unakaa kwenye kiti mpaka mchana, ukisimama kinaanza upya mbele ya watu. Mke wangu alidhani nina gauti. Nilipumzika kukimbia muda mrefu, nikanunua 43 yenye soli nene, safari hii jioni nikitoka kazini miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na nikaijaribu nikiwa na soksi zangu za mazoezi. Kisigino kilitulia taratibu.

Sasa tupeane uzoefu. Kiatu gani kilikuumiza, wapi, ukatokaje? Na wenye ujuzi watuelekeze namna ya kuchagua.

Bi Chumbageni
Kisigino cha asubuhi! Pole sana kaka. Mimi mpaka leo nikisikia mtu anakitaja nakumbuka ule ukuta wa bafuni.

Fundi Nyundo
Mimi nashona viatu, nawaambia ninachokiona mezani. Raba nyingi zinaliwa upande wa nje wa kisigino. Hiyo ni kawaida, msiogope. Cha kuogopa ni kiatu ambacho ukikiweka mezani na kukitazama kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa meza, unaona kimelala upande mmoja. Hicho sponji la ndani ya soli limeshabonyea na halirudi. Hata juu kiwe kinang'aa, usikimbilie. Mnaonunua mtumba, bonyezeni kwa kidole gumba pembeni ya soli, mkiona mikunjo mingi ya kulalia achaneni nacho. Mwenye nacho wa kwanza alishakimaliza, mnanunua ganda.

Mtoto wa Mnadani
Fundi usituharibie biashara. Mtumba wa grade one unauzidi huo mnaouita mpya. Kwa hela ileile dukani unapata feki, soli ngumu haikunjiki, ndani gundi inanuka. Mimi nauza raba na ninakimbia nazo. Mtu anayejua kuchagua hapati hasara.

Fundi Nyundo
Sijasema mtumba mbaya, soma vizuri. Nimesema utazame.

Mtoto wa Mnadani
Umeandika "ganda".

Fundi Nyundo
Kwa kiatu kilicholala, ndiyo, ni ganda. Kisicholala nunua, ukimbie, Mungu akujalie.

Mwanakwajuni
Ndugu zangu, tuendelee na mada.

Binti wa Rau
Naomba niandike kirefu, maana sijawahi kuliandika hili popote.

Kilimanjaro Marathon, kilomita 21. Wanaoijua njia wanajua: unatoka uwanja wa Ushirika hapo Moshi, unapandisha kwenda Mweka, migomba kushoto, migomba kulia, watoto wanapiga makofi, halafu unageuza unashuka. Watu wote wanaogopa kule kupanda. Mimi nilimalizwa na kushuka.

Raba niliyovaa nililetewa na ndugu kutoka nje, ya jina kubwa, ilikuwa imekaa kwenye boksi lake miaka. Haijawahi kukanyaga vumbi. Kupanda ilikwenda vizuri. Nimegeuza, nimeanza kuachia miguu, nasikia chini pa, pa, pa. Nikadhani nimeokota jiwe. Kuangalia, soli ya kulia imeachia kuanzia vidoleni mpaka katikati inaning'inia. Nikagusa sponji kwa kidole, likapukutika unga wa njano.

Nikakaa pembeni, nikachomoa kamba, nikaizungusha kiatu kizima juu na chini nikafunga. Sasa kiatu hakina kamba ya kushikilia mguu. Kila hatua ya mteremko mguu unateleza mbele, vidole vinagonga mwisho wa kiatu, gonga, gonga, gonga. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akaniita, akachana kipande cha kanga yake aliyofungia mzigo, akanifunga kwa nguvu kuzunguka unyayo. Akaniambia, "Mwanangu, miguu ni miwili tu, pumzika." Nikamwambia mama ahsante, nikaendelea.

Soli ilidondoka yote kabla sijafika mjini. Kuanzia hapo mguu mmoja uko juu na mwingine uko chini, nyonga inaanza kuvuta, kano ya nyuma ya kisigino inawaka. Lami ya Moshi saa zile imeshapata jua. Niliingia uwanjani natembea, kipande cha kanga kimeshika damu, mtu wa huduma ya kwanza alipovua soksi ukucha wa dole gumba ulikuwa mweusi wote na wa pili yake pia. Zote mbili zilitoka baadaye. Kucha ziliota, ila ile kano ilinisumbua kuliko kucha.

Kijana wa Kolila
Mungu wangu.

Bi Chumbageni
Mdogo wangu pole! Yule mama uliwahi kumrudishia kanga yake?

Mzee wa Mchakamchaka
Medali ulipewa?

Binti wa Rau
Medali nilipewa. Kanga nilimpelekea mpya mwaka uliofuata, nilimkuta palepale.

Bi Chumbageni
Hapo umenigusa. Ubarikiwe.

Kijana wa Kolila
Lakini dada, kiatu kipya kinawezaje kumeguka? Huyo ndugu alikuletea feki.

Binti wa Rau
Usimseme ndugu yangu, alitoa kwa moyo.

Fundi Nyundo
Si lazima kiwe feki. Kuna sponji la poliyurethani, hilo linaliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Linakaa miaka, kwa nje zima, siku unayolitwisha uzito linapukutika. Nimeletewa vya aina hiyo vingi, hasa viatu vya mlimani. Kiatu kilichokaa sana kikunje kwa mikono, bonyeza, kivae uzunguke nacho mtaani mara kadhaa kabla ya kukipeleka kwenye mbio.

Mtoto wa Mnadani
Mnaona? Boksi halikumsaidia.

Peku Asilia
Mnahangaika bure. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 peku, saa 2:15:16, rekodi ya dunia. Mguu umeumbwa kukimbia. Vueni viatu.

Kijana wa Kolila
Bikila alikuwa amezoea kukimbia peku, na viatu alivyopewa kule Roma vilimbana ndiyo maana akavitupa. Tokyo 1964 alishinda tena, saa 2:12, na safari hiyo alivaa viatu na soksi. Hilo hamlisemi.

Peku Asilia
Sijakataa. Nasema mguu unajifunza.

Chelimo wa Iten
Nami niseme kutoka huku Iten, Kenya. Ni kweli wengi wetu tulikua tukikimbia peku kwenda shule, tena kwenye udongo mwekundu laini. Lakini ingia barabarani leo asubuhi uone kundi la wanariadha, hakuna aliye peku. Wote wana viatu, na vya mazoezi si vile vya mashindano. Mtu mzima aliyevaa viatu maisha yake yote akitoka ghafla peku kwenye lami, kigimbi na kano ya kisigino vitamlipisha. Anayetaka, aanze na dakika chache kwenye nyasi.

Mzee wa Mchakamchaka
Kuna vile viatu vya kampuni ya Vibram vyenye vidole, vya kukimbia kama uko peku. Kampuni ilishtakiwa Marekani kwa kutangaza kwamba vinapunguza majeraha, na mwaka 2014 ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi. Peku Asilia unalijua hilo?

Peku Asilia
Nalijua mzee wangu. Shikamoo.

Mzee wa Mchakamchaka
Marahaba.

Kijana wa Kolila
Mimi nilifundishwa kwamba unalowanisha unyayo, unakanyaga sakafu au karatasi, unaangalia alama. Ikijaa yote una miguu bapa, nunua kiatu kigumu upande wa ndani. Ikiwa nyembamba katikati, una tao refu, nunua laini. Ndiyo njia sahihi.

Tabibu wa Viungo
Mimi ni mtaalamu wa viungo, na watu wengi huja na alama hiyo ya unyayo. Jeshi la Marekani lilifanya utafiti kwa askari wapya: kundi moja likapewa viatu kwa umbo la unyayo, kundi lingine wote aina moja bila kujali umbo. Majeraha hayakutofautiana cha maana. Kwa hiyo usimwogopeshe mtu mwenye miguu bapa ambaye hana maumivu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni starehe: kiatu ukikivaa dukani na kukimbia nacho hatua kadhaa, mguu ukikataa, usikinunue. Kati ya kidole kirefu na mwisho wa kiatu pabaki kama upana wa kidole gumba, na upime ukiwa umesimama. Kwa watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kidogo, nunua kwa kuufuata huo.

Kijana wa Kolila
Mimi kiatu kigumu kilinisaidia lakini. Goti lilipona.

Tabibu wa Viungo
Kama kilikusaidia endelea nacho, sikuvui. Nakataa kukifanya sheria kwa wote. Na wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya ugoko, kiatu hakina kosa. Wameongeza kilomita kwa pupa kwa sababu mbio zimekaribia.

Bi Chumbageni
Na kisigino cha asubuhi tabibu?

Tabibu wa Viungo
Nyoosha kigimbi kabla hujakanyaga sakafu, vuta vidole vya mguu kwa mkono, na viringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa. Nyumbani usitembee peku kwenye vigae kwa kipindi hicho. Yasipopungua nenda hospitali ukaangaliwe.

Mtoto wa Mnadani
Mimi raba mpya nampa mdogo wangu azivae kwanza zilainike.

Fundi Nyundo
Azivae yeye moja kwa moja basi, maana atakuachia umbo la mguu wake.

Mgeni wa Kigamboni
Swali. Hivi vyenye bamba la kaboni ndani, kama vya Kipchoge, vinafaa kwa sisi wa joging za Jumamosi?

Chelimo wa Iten
Hivyo ni vya siku ya mashindano. Soli ni nene, kanuni ya mashindano ya barabarani ni isizidi milimita 40, na kifundo kisichozoea kinayumba kwenye kona. Hiyo hela nunua pea mbili za kawaida uwe unazibadilisha. Sponji linapata muda wa kurudi.

Mgeni wa Kigamboni
Na nitajuaje pea imechoka?

Chelimo wa Iten
Wengi hubadilisha kati ya kilomita 500 na 800. Mwili mzito, mapema zaidi. Ukiona magoti na ugoko vinauma bila kuongeza mazoezi, anza kushuku kiatu.

Binti wa Rau
Naongeza kwa wanaoteremka: mteremko ndio unaoua kucha. Kuna lile tundu la juu kabisa la kamba ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba humo ufanye kitanzi kila upande, halafu vusha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta ndipo ufunge. Kisigino kinakaa nyuma, vidole havigongi.

Mgeni wa Kigamboni
Ahsante dada, nimefunga sasa hivi, naona tofauti. La mwisho: zangu zimelowa mvua ya leo na kesho nina joging. Niziweke nyuma ya friji?

Fundi Nyundo
Joto kali linalegeza gundi, usifanye hivyo. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti kabla ya kulala, weka penye upepo kivulini. Kama kesho bado mbichi, vaa nyingine.