Mrejesho: kuanza fidla nikiwa na miaka 34

Wakuu, habari za siku. Miezi minne iliyopita niliuliza kama mtu wa miaka 34 anaweza kuanza kujifunza fidla, na kwa nini yangu mpya ilikuwa haitoi sauti hata nikivuta upinde. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema upinde mpya haulii mpaka upakwe rozini (utomvu mkavu wa msonobari) alikuwa sahihi kabisa. Nilizipaka singa zote, yaani nywele za upinde, sauti ikatoka siku ileile. Nilifuata pia ushauri wa kutafuta mwalimu badala ya video: nimempata mzee mmoja mpiga taarabu hapa Unguja, tunakutana kila Jumamosi. Wiki tatu za kwanza ilikuwa nyuzi wazi tu (bila kuzibonyeza kwa vidole), G, D, A na E, kuvuta upinde polepole mwanzo hadi mwisho. Inachosha, ila mkono umetulia.

Kukaza nyuzi kwa vigingi vya kichwani mwa fidla kumenishinda. Uzi wa E umekatika mara mbili. Sasa nausogeza kwa kiskrubu kidogo cha mkiani, na uzi wa A naupima kwa simu, hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Kidole cha nne, yaani kile kidogo cha mwisho, bado kinakosa noti. Lakini wimbo mmoja mfupi naupiga wote, na juzi mama aliniomba niurudie.