Mjamzito akija kliniki bila mume, arudishwe?

Wadau wa Mtwara na Lindi, hili tulijadili wazi. Kuna zahanati ambazo mjamzito akienda siku ya kwanza peke yake anaambiwa akamlete mwenza, au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Wifi yangu huko Tandahimba yalimkuta msimu wa korosho: mume yuko kwenye mikorosho ya mbali, mwenyekiti naye shambani kwake. Anakuja kufunguliwa kadi, mimba ina miezi mitano.

Wanaotetea utaratibu huu wanasema baba naye apimwe VVU na kaswende. Hapo nawaunga mkono kabisa. Ninachokataa ni kumrudisha mama, maana wiki anazopoteza ni wiki za kujengeka kwa ubongo wa mtoto.

Ubongo una seli zake za kinga, zinaitwa maikroglia. Mwaka 2010 utafiti kwa panya ulionyesha kwamba chimbuko lake si uboho. Zinaanzia kwenye kifuko cha kiini cha mimba changa, halafu zinahamia kwenye ubongo ambao ndio kwanza unaanza. Kwa binadamu zimeshaonekana humo mwezi wa pili, tumbo hata halijachomoza! Na hazingoji vijidudu tu: zinameza seli zilizokufa, na baadaye zinapunguza viungio vya neva vilivyozidi. Kwa hiyo kinga ya mama ikivurugika, kazi hiyo inaweza kuguswa. Mwaka 2015 watafiti waliwaambukiza malaria panya wenye mimba. Watoto wakazaliwa bila vimelea, lakini wakawa wazito kujifunza na kukumbuka. Binadamu si panya, najua, ila sisi huku malaria tunaishi nayo.

Kuna atakayeniambia SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, haitolewi miezi mitatu ya kwanza, sasa haraka ya nini? Haraka ni ya kipimo cha malaria, chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Tena tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ALu, dawa ya kutibu malaria, hata kwa mimba ya miezi hiyo. Asiyepimwa atatibiwa nini?

Mimi nasema mama ahudumiwe siku hiyohiyo, baba apewe wito wa hudhurio linalofuata. Akina baba, zahanati ikifunguliwa jioni moja kwa wiki msimu wa korosho, mtakuja?