San Marco ya Ngomeni: tuifufue irushe roketi tena, ama pesa ziende kwingine?

KijanaWaNgomeni
Jamani nataka tujadili hili bila kutukanana. Kila mara tunasikia serikali inataka kituo cha kurushia roketi, mara Marsabit, mara Pwani, KSA (shirika la anga la Kenya) wakitajwa kila siku. Na hapa kwetu Ngomeni majukwaa ya Waitaliano ya San Marco yako baharini tangu miaka ya sitini, ukisimama ufukweni maji yakiwa makavu unayaona vizuri na miguu yake, roketi ya mwisho ilitoka pale Machi 1988 na tangu hapo hakuna kitu. Zinazofanya kazi ni antena za nchi kavu, zinaongea na satelaiti za wenyewe. Swali: Kenya ifufue urushaji pale ama iache? Mimi nasema ifufue, lakini kwanza mkataba na Waitaliano uwekwe wazi na sisi tunaokaa hapa tuwe ndani ya mazungumzo, si kuletewa habari.

Fundi_Mitambo
Naunga mkono kufufua. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, pale dunia inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi ikielekea mashariki inaondoka tayari imesukumwa bure, na mbele yake ni bahari, hakuna mji wa kuangukiwa. Profesa Luigi Broglio, Mwitaliano aliyeanzisha kituo hiki, hakuja Malindi kuota jua. Roketi 9 za aina ya Scout zilipeleka satelaiti kutoka pale kati ya 1967 na 1988, roketi ya hatua nne, inaunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda lenye kiyoyozi halafu inainuliwa. Ile satelaiti ya Uhuru ya Wamarekani ilitoka pale 1971, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kuchunguza eksirei za angani. Hii si historia ndogo.

Sule_wa_Kibokoni
1970 sio 71. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ndiyo maana ikapewa lile jina.

KasaraniFinest
Wazee hizo ni story za zamani. Satelaiti yetu Taifa-1 ilitugharimu shilingi milioni 50, ikabebwa na SpaceX kutoka California Aprili 2023, kazi kwisha. Pad ya kurushia ni mabilioni, na tuna madeni. Na tuongee ukweli, watu wa Coast mmezoea kukaa chini ya mnazi mkingoja mgao, hata mkipewa hiyo San Marco kesho nani huko atapiga hesabu zake?

MamaSalma_Kisauni
Wewe KasaraniFinest rudia hayo maneno ya mwisho. Chini ya mnazi? Hiyo minazi tumeipanda sisi na ardhi iliyo chini yake hatuna hati, unajua ni kwa nini? Baba zetu walivua na kulima hapa kabla ya hiyo Kasarani yako kuwa na taa moja. Nina binamu yangu amesomea umeme wa mitambo, digrii anayo, ametuma barua mpaka amechoka, walioitwa kazi wakatoka huko huko kwenu. Halafu unakuja kuuliza nani atapiga hesabu.

BintiGongoni
Asante mama. Mimi niko Gongoni, na nataka huyu kaka aelewe kitu kimoja. Hapa ukanda wote kuanzia Gongoni kuelekea kaskazini ni mashamba ya chumvi, watu waliondolewa, njia za kwenda baharini zikafungwa, visima vikaingia chumvi. Zile kampuni zilikuja na maneno haya haya ya maendeleo na ajira. Wanaume wanabeba chumvi juani kwa vibarua vya siku. Sasa ukitwambia roketi, sisi swali letu la kwanza si hesabu, ni nani anahamishwa.

KasaraniFinest
Sijatukana mtu. Nimesema facts. Matokeo ya KCSE yako wazi kila mwaka, angalieni counties za Coast ziko wapi. Hiyo ni kosa ya Nairobi?

Mwl_Magarini
Nijibu mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nafundisha fizikia sekondari, Magarini. Darasa langu la kidato cha tatu lina madirisha bila vioo, maabara tunayo lakini spring balance ziko mbili, wanafunzi wanasimama foleni kupima uzito wa jiwe, anayefika mwisho kengele ishalia. Kutoka shuleni kwetu mpaka kwenye antena zinazopokea data za darubini za angani kama Swift na NuSTAR ni mwendo wa pikipiki. Miaka yote hiyo ni watoto wangapi wa hapa wameingizwa kule kufundishwa hasa, si kupigishwa picha mlangoni? Wewe unachukua matokeo ya mtihani kama ndiyo sababu ya kutunyima, wakati matokeo yenyewe yametokana na kunyimwa. Mtoto hafaulu somo la vifaa ambavyo hajawahi kuvishika.

MamaSalma_Kisauni
Mwalimu umemjibu. Sasa anyamaze.

Mzaramo_Halisi
Aisee ndugu zetu wa Kenya, nawasoma tu toka Dar. Nyie mnagombana nani atapiga hesabu, sisi huku serikali ilisema nchi lazima iwe na ndege zake, wakazileta, leo tunaziona angani. Uamuzi wa kisiasa ukiwepo vitu vinatokea. Nyie tatizo lenu mnaongea mno.

Sule_wa_Kibokoni
Kaka wa Dar hizo Airbus zenu A220 si ndizo zilipaki kwa sababu ya injini? Na mkaguzi mkuu wenu, CAG, kila mwaka anaandika hasara ya mabilioni ya ATCL, shirika lenu la ndege. Tukija kujifunza tujifunze na hiyo.

Mzaramo_Halisi
Injini za Pratt & Whitney zimesumbua dunia nzima sio Tanzania peke yake, uliza mashirika mengine. Na nyie KQ (Kenya Airways) mmekaa mwaka wa ngapi kwenye hasara mpaka 2024 ndio mkaona faida? Tuheshimiane.

Sule_wa_Kibokoni
Tuheshimiane sawa, lakini KQ haikukamatiwa ndege uwanjani Johannesburg kwa deni la mkulima kama ATCL yenu.

Mzaramo_Halisi
Na ile iliachiwa na mahakama 2019 hiyo hiyo. Soma mpaka mwisho bwana.

KijanaWaNgomeni
Ndugu zangu ndege si mada. Naomba turudi Ngomeni.

Orbita_KE
Nirudi basi kwenye hoja ya Fundi. Faida ya ikweta ni ya kweli lakini si kwa kila satelaiti. Zile ndogo za kupiga picha ardhi, kama Taifa-1, nyingi zinawekwa kwenye njia inayopita karibu na ncha mbili za dunia, na huko ile kasi ya ikweta haikusaidii kitu. Ndiyo maana Taifa-1 ilirushwa Vandenberg, mbali kabisa na ikweta, na hakuna kilichopungua. Halafu SpaceX anabeba mizigo ya watu wengi kwa roketi moja, bei imeshuka, kituo chetu kingeshindana vipi? Mwenye jibu anipe, manake kabla ya kujenga hili ndilo swali.

Mutua_Mbooni
Mnaongea kurusha juu, sisi watu wa Makueni tunaongea kuangukiwa. Desemba 30, 2024 kijiji cha Mukuku kiliangukiwa na pete ya chuma upana mita mbili na nusu, kilo kama 500, moto. KSA wakaja wakasema ni kipande cha roketi, wakakibeba. Basi. Ingeangukia nyumba je? Tunajengewa kituo cha kurusha wakati hata kuangukiwa hatujui nani analipa.

Sule_wa_Kibokoni
Pole sana Mutua. Lakini sheria ipo, kuna mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi iliyorusha inalipa hasara iliyotokea ardhini, hata kama haikukusudia.

Mutua_Mbooni
Inalipa nani? Taja nchi. Ukishanitajia nchi ndio unipe mkataba. Watu wa kijiji waliskia kishindo wakadhani ni bomu, wamepata nini mpaka leo?

BintiGongoni
Na hapo ndio pananitia hofu mimi. Kule Mukuku kilianguka kimoja kwa bahati mbaya. Ukijenga kituo unaweka hiyo hatari hapa kwa makusudi. Kule Brazil, Alcântara, nayo iko karibu na ikweta kama sisi, familia za watu weusi zilizokaa pale vizazi na vizazi zilihamishwa miaka ya themanini kupisha kituo, zikapelekwa mbali na bahari, wavuvi hao. Agosti 2003 roketi ikalipuka ikiwa bado chini, watu 21 wakafa. Serikali yao imekuja kukubali makosa juzi juzi 2023. Miaka arobaini! Mimi sitaki kungoja miaka arobaini.

Fundi_Mitambo
Dada kituo chetu kiko baharini, hilo ndilo lilikuwa wazo lenyewe la Broglio, jukwaa moja la roketi, lingine la kuongozea, nyaya chini ya maji. Hakuna familia inayokaa juu ya jukwaa.

BintiGongoni
Hakuna familia juu ya jukwaa lakini kuna mashua chini yake. Siku za kurusha bahari inafungwa. Mvuvi akifungiwa bahari jioni anapika nini? Na barabara, na kambi, na uzio, hivyo vyote vinajengwa juu ya maji pia?

Mlinzi_wa_Zamani
Kuna kitu hamkitaji. KSA iliundwa 2017 na iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Mimi nimevaa gwanda, nawaambia hivyo ndivyo inavyotakiwa. Roketi inayobeba satelaiti na kombora ni ndugu wa damu, na sisi hapa jirani yetu ni Somalia, Januari 2020 kambi ya Manda Bay kule Lamu ilishambuliwa, Wamarekani watatu wakafa. Mnataka kila karatasi ibandikwe ukutani? Uturuki naye ametangaza kujenga kituo chake Somalia. Kenya ikilala hapa italala kabisa. Mambo ya ulinzi hayaendeshwi kwa baraza la kijiji.

Mwl_Magarini
Afande kwa heshima yote, kuna siri ya ulinzi na kuna siri ya kodi. Idadi ya wanajeshi wanaolinda uzio sitaki kuijua. Kiasi anacholipa Mwitaliano, nafasi ngapi za masomo tumepewa na nani amezichukua, hayo yana ulinzi gani? Adui atatushambulia kwa kujua mwanafunzi gani amepata skolashipu?

Mlinzi_wa_Zamani
Mwalimu unaanza na skolashipu kesho utadai ramani.

Mjomba_Torino
Salaam kutoka Torino, mimi ni mtoto wa Malindi, Shela, niko huku miaka mingi. Hebu niwape habari. Mkataba mpya wa Kenya na Italia kuhusu kituo hiki ulisainiwa Trento, Italia, Oktoba 2016, na kwa kuwa huku lazima upite bungeni, sheria ya kuuridhia inatangazwa pamoja na maandishi ya mkataba na viambatisho vyake. Yapo wazi, yeyote anasoma. Kuna makubaliano ya kuisaidia KSA, kituo cha kanda cha kuangalia dunia kutoka angani, kupata data, elimu na mafunzo, hata matibabu ya daktari aliye mbali. Kwa hiyo afande, hiyo siri unayoilinda inasomeka huku na mwanafunzi yeyote mwenye simu. Wasioisoma ni watu wa Ngomeni.

KijanaWaNgomeni
Mjomba wallahi umenitoa jasho. Yaani tumekaa miaka tunaambiwa ni mambo ya serikali, kumbe kule kwao imeandikwa?

Mlinzi_wa_Zamani
Kilichotangazwa ni kilichoruhusiwa kutangazwa. Hamjui ambacho hakijatangazwa.

Mjomba_Torino
Basi tuanze na kilichoruhusiwa afande. Kile cha mafunzo kinatutosha kuanzia.

Orbita_KE
Kuna mtu amejibu swali langu la njia za kupita nchani? Ama tumeacha?

Amina_wa_Kilifi
Mimi nilikuwa nasoma tu. Nataka kusema la Kourou, Guyana ya Kifaransa, wanakorushia Ariane. Machi 2017 wananchi wa pale walifunga barabara ya kwenda kituoni, mahospitali mabovu, usalama hakuna, shule hakuna, na roketi za mabilioni zinapita juu ya vichwa vyao. Ariane ikakwama, urushaji ukasimama kwa zaidi ya mwezi mmoja, Ufaransa ikakubali kutoa zaidi ya euro bilioni moja. Sisemi tufunge barabara. Nasema wale walijua kituo ni chao pia, na wakaongea na serikali wakiwa wamejipanga. Sisi wabunge wetu wanaongea roketi wakati wa kampeni tu, kamati ya ulinzi bungeni sijasikia wamekuja Ngomeni kutuuliza.

KasaraniFinest
Sasa hapo Amina umeongea kitu. Contract iwe public, hata mimi nalipa kodi. Lakini bado sioni business ya kurusha, Orbita amesema na hakuna amemjibu.

MamaSalma_Kisauni
Wewe usijifiche nyuma ya Orbita. Ya mnazi hujayafuta.

Fundi_Mitambo
Orbita nikujibu kifupi: kwa satelaiti za nchani ni kweli, Ngomeni haina faida. Kwa zile za mawasiliano zinazokaa juu ya ikweta, faida ipo kubwa, lakini hizo zinataka roketi kubwa ambayo lile jukwaa haliwezi kuibeba. Kwa hiyo hata mimi nikisema kufufua sisemi kesho, nasema tuanze na roketi ndogo za utafiti, na vyuo vya hapa, Pwani University na TUM (Technical University of Mombasa) wawe ndani.

Amina_wa_Kilifi
Vyuo viwe ndani kwa barua si kwa kutamani. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, ofisi ina siku 21 za kujibu, na wakikataa kwa kisingizio cha usalama wa taifa lazima waseme sababu, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mwalimu na Kijana, tuandike barua moja kwa KSA: nafasi za mafunzo tangu mkataba wa 2016 ni ngapi, zimeenda kwa nani, kaunti ya Kilifi imepata ngapi. Maswali matatu tu, hakuna la ramani afande.

Mwl_Magarini
Mimi naandika rasimu usiku huu. Mjomba nitumie vile viambatisho, nina mtu wa kunitafsiria.

Mutua_Mbooni
Ongezeni swali la nne, chuma cha Mukuku kiko wapi na ni cha nchi gani.

Mlinzi_wa_Zamani
Andikeni. Hiyo ni njia ya sheria, siipingi. Lakini msishangae la nne likirudi bila jibu.

KasaraniFinest
Nitumieni na mimi nisaini.

MamaSalma_Kisauni
Utasaini baada ya kuomba radhi kwa watu wa Pwani, hapa hapa, kwa maandishi. Nangoja.