Paja limevimba, mtoto hakanyagi: tungoje jipu liive?

Baba Shukuru, Kibirizi
Wakuu, habari za usiku. Mwanangu ana miaka 6. Jumamosi alichomwa na mwiba wa mchikichi juu ya goti, bibi yake akautoa kwa sindano, akapaka mawese, tukajua yameisha. Jumatatu homa. Tumepima malaria, hana. Duka la dawa wakanipa amoksilini ya maji na panado. Leo Jumatano paja limevimba. Kidonda chenyewe ni kitone kama cha mbu, ila hata shuka ikimgusa analia, na mguu hakanyagi. Bibi anasema ni mtoki, tukande kwa maji ya moto, jipu likiiva tukamue. Mama yake anataka hospitali usiku huu huu. Mimi nina mzigo wa dagaa nje na mvua inanukia. Nifuate lipi?

Nesi Mstaafu, Ujiji
Mwanangu, fuata la mkeo. Bibi tumheshimu, lakini mtoki unakaa kinenani, unaupapasa kama kokwa, hauvimbishi paja. Kinachonitisha mimi ni hicho ulichokiandika mwenyewe: kidonda kitone, maumivu mlima. Maumivu yakizidi kile jicho linachoona, ujue ugonjwa uko chini.

Washa taa, mlaze, linganisha paja na paja. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kama picha za vitabuni, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kupima joto, halafu bonyeza taratibu. Chukua kalamu ya wino, zungushia mpaka wa uvimbe, andika na saa. Si kwamba ukae uungoje uvuke! Mstari huo ni wa daktari, aone umetembea kiasi gani mkiwa njiani.

Kijana wa Kasulu
Mbona mdogo wangu tulimkanda, likapasuka lenyewe, akapona?

Nesi Mstaafu, Ujiji
Jipu la juu juu, lina kichwa, mtoto hana homa na anacheza mpira, hata mimi nakanda. Hili silo.

Baba Shukuru, Kibirizi
Nimechora, saa 3:10 usiku. Mama, paja ni gumu kama ubao. La pili laini. Maji anakunywa kidogo, anasinzia sinzia.

Nesi Mstaafu, Ujiji
Ondokeni sasa, hospitali ya Maweni moja kwa moja. Ugumu huo mara nyingi ni usaha ndani ya msuli, na nchi za joto kama yetu tunauona sana. Jipu la msuli halitoi kichwa. Utalingoja liive huku sumu inaingia kwenye damu. Amoksilini peke yake haitoshi, kwa sababu bakteria anayependa kazi hii, stafilokokasi, kwa kawaida ana uwezo wa kuivunja. Na usaha ukishajaa, dawa yake ni kuutoa.

Njiani muangalie. Ngozi ikigeuka zambarau au nyeusi, ikitoa malengelenge, au ukibonyeza ikachakacha kama mfuko wa nailoni, sema hivyo mlangoni kabla ya salamu: hapo nyama inakufa na anahitaji chumba cha upasuaji mara moja. Maumivu yakikatika ghafla huku ngozi inaharibika, msishangilie, maana neva nazo zinakufa.

Jingine: wakimpiga eksirei ikaja safi, uliza kuhusu mfupa. Mfupa ulioingiliwa na usaha unaweza kuchukua siku 10 hadi 14 kabla eksirei haijaonyesha kitu. Altrasaundi ndiyo itakayoona usaha wa msuli mapema.

Dereva Bajaji, Mwanga
Mzee kama huna usafiri niko macho, nitumie ujumbe wa faragha.

Baba Shukuru, Kibirizi
Leo Ijumaa. Samahani kwa ukimya, simu ilizima. Yule wa bajaji alitufikisha, Mungu ambariki. Daktari alipofunua paja, uvimbe ulishavuka wino upana wa vidole viwili. Akauliza nani kanifundisha kuchora, nikasema nesi wa mtandaoni, akacheka. Altrasaundi ikaonyesha usaha ndani ya msuli, sindano ikavuta mzito kama uji wa mtama. Wakampasua, kimetoka karibu kikombe kizima, kingine wamepeleka maabara kuotesha bakteria, wamjue ni yupi. Anachomwa kloksasilini, dawa ya kuua bakteria, kila baada ya saa 6. Bibi ndiye anayelala naye wodini, na jana nimemkuta anawazungushia kalamu wajukuu wa watu.

Shukuru ameomba mgebuka wa kukaanga. Dagaa nusu zimelowa, ananunua mwenye kuku.